Kushusha gesi ya kupikia ghubani: chagua tenki kwanza, gati au boya baadaye

Mradi wa ghala la kupokelea gesi ya kupikia ukiletwa kwenye mji wa ghuba, ubishi huanzia baharini. Gati lijengwe wapi, meli ipite wapi, wavuvi wahamie wapi. Maswali hayo ni ya haki, ila yameanza kutoka mkiani. Aina ya tenki ndiyo inayoamua meli ya ukubwa gani itakuja. Meli ndiyo inayoamua gati liweje na kina kiwe mita ngapi, na kina ndicho kinachoamua matumbawe yatachimbwa au yataachwa. Ukishakubali tenki bila kuuliza, hayo mengine umeshayakubali yote.

Nitatumia Ghuba ya Tanga kama mfano, maana ina kila kinachoufanya uchaguzi huu uwe mgumu. Ina bandari ambayo kina chake kimeongezwa kutoka mita 3 hadi 13, Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyotangazwa mwaka 2009, wavuvi wa ngalawa na mashua, na mji uliokaa kando ya maji. Anayesoma akiwa Mtwara, Kilifi au Lamu abadilishe majina tu.

Tuweke sawa jambo moja kwanza, kwa sababu huzuka kila mkutano: "Si tuna gesi yetu, kwa nini tuagize?" Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay karibu yote ni methani. Husafiri kwa bomba na huendesha mitambo ya umeme. Gesi ya mtungi ni propani na butani, ambazo kwenye visima vyetu ni kidogo mno. Hiyo hupatikana penye visima vyenye gesi nzito na penye viwanda vya kusafisha mafuta, nasi viwanda hivyo hatuna. Hata Mombasa, kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Kwa hiyo itaendelea kuja kwa meli, na itakuja nyingi zaidi: mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Tanzania Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034.

Matenki

Gesi hii huhifadhiwa ikiwa maji, yaani kimiminika, kwa njia mbili: kuibana au kuipoza. Ukiibana kwenye joto letu la nyuzi 30, propani tupu inadai presha ya bar 10 hivi, butani chini ya bar 3, na mchanganyiko wa sokoni hukaa katikati. Tairi ya gari dogo hujazwa bar 2 na ushei, pima mwenyewe. Ukiamua kuipoza, presha inakwisha kabisa, lakini propani lazima uishushe hadi nyuzi 42 chini ya sifuri na kuishikilia hapo mchana na usiku.

Kutokana na njia hizo mbili, mezani huletwa aina nne:

| Aina ya tenki | Meli inayoendana nalo | Faida kubwa | Tatizo kubwa |
|---|---|---|---|
| La duara, juu ya nguzo | Ndogo na za kati | Rahisi kulikagua | Liko wazi kwa moto |
| La kulala, lililofukiwa | Ndogo na za kati | Moto haulifikii | Kutu isiyoonekana |
| La baridi | Kubwa kabisa | Nauli nafuu kwa kila tani | Linategemea umeme muda wote |
| Pango la chini ya mwamba | Kubwa kabisa | Gesi iko mbali na watu | Linataka mwamba maalumu |

Tenki la duara ndilo linalopigwa picha, lile jeupe lenye miguu, na karibu na makazi ya watu ndilo ningelikataa la kwanza. Moto ukiwaka chini yake, sehemu yenye gesi ya maji hujipoza yenyewe, kwa kuwa maji yale yanachemka na kunyonya joto. Sehemu ya juu, iliyo tupu, haina cha kuipoza. Chuma hulainika pale, na hata kama vali ya usalama imefunguka na inapuliza gesi nje, ukuta hupasuka kwa presha ile ile uliyokuwa ukiihimili jana. Gesi yote hugeuka mvuke kwa mkupuo na kuwaka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa San Juan Ixhuatepec, kandokando ya Jiji la Mexico, alfajiri ya 19 Novemba 1984. Ghala lilikuwa na matenki 6 ya duara na 48 ya kulala, yote yakiwa wazi juu ya ardhi, na nyumba za karibu zilikuwa umbali wa mita 130 hivi. Walikufa watu wapatao 500.

Tenki la kulala lililofukiwa lina presha ile ile na gesi ile ile, ila limelazwa juu ya kitanda cha mchanga na kufunikwa lote. Mwali wa moto haugusi chuma. Hapo hadithi ya San Juan Ixhuatepec haina pa kuanzia, angalau si kwa njia ile. Gharama yake ni mambo mawili ambayo wauzaji wa mradi huyapitia haraka. La kwanza ni kutu. Tenki likishafukiwa hulioni tena kwa nje, linalindwa na rangi maalumu pamoja na umeme mdogo unaopitishwa kuzuia kutu, na umeme huo unatakiwa upimwe kwa ratiba maisha yote ya tenki. Mchanga wa kufukia lazima uwe safi usio na chumvi. Ukiona malori yanachota mchanga ufukweni kupeleka kwenye matenki hayo, piga kelele siku hiyo hiyo. La pili ni ukubwa. Tenki moja haliwezi kuwa kubwa sana, kwa hiyo ghala la tani 10,000 litahitaji matenki saba au manane yenye ujazo wa mita za ujazo 3,000 kila moja, yote yakilala sambamba. Hiyo ni ardhi kubwa, na ardhi ya pwani ina wenyewe.

Tenki la baridi ndilo la wafanyabiashara wakubwa. Moja tu laweza kubeba makumi ya maelfu ya tani, hivyo laweza kupokea meli kubwa ya gesi yenye tani 44,000 au zaidi. Nauli ya kila tani hushuka, na kwa nchi inayonunua kwa bei ya Saudi Aramco, kampuni ya mafuta ya Saudia, inayotangazwa kila mwezi, nauli na gharama za kusubiri ndizo pekee zinazoweza kupunguzwa kwa akili ya huku kwetu. Kiusalama tenki la baridi lina sifa ambayo watu huisahau: likivuja, gesi haifoki, humwagika kama maji ya baridi na kuchemka polepole, na ukuta wa pili wa zege huizuia. Ila shehena iliyolala pale ni kubwa mno, na mtambo wa kupoza haulali. Gridi ikizima, tenki halilipuki. Gesi huanza kupata joto, mvuke hupanda, na jenereta zikichelewa kuwaka mvuke huo hupelekwa kuchomwa kwenye mnara wa moto. Mji mzima utauona. Usiku wa aina hiyo si hatari kubwa, ila ni hasara ya moja kwa moja, na mtu ataipeleka kwenye bei ya mtungi.

Pango nalitaja kwa sababu ya Visakhapatnam, mji wa ghuba ulioko mashariki mwa India. Asubuhi ya 14 Septemba 1997, gesi ya kupikia iliyokuwa ikipokelewa kutoka melini ilivuja kwenye mabomba ya kiwanda cha mafuta. Wingu la mvuke likatambaa chini, likapata cheche, na watu wapatao 60 wakafa. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Haipandi, hufuata mitaro na mabonde. Miaka kumi hivi baadaye mji huo huo ulikuwa na pango la tani 60,000 lililochongwa ndani ya mwamba mgumu, chini kabisa, ambako maji ya ardhini yenyewe huizuia gesi isitoke. Ni suluhisho zuri sana na Tanga halifai. Jiwe letu la pwani ni chokaa na matumbawe, na yeyote aliyewahi kuingia Mapango ya Amboni anajua chokaa ina tabia gani na maji: inajitoboa yenyewe.

Upande wa bahari

Sasa ndipo twende majini, na hapa kuna gati, kuna boya, na kuna meli-ghala.

Gati la ndani ya ghuba lina utulivu. Meli imefungwa imara, mikono ya chuma ya kupakulia imeunganishwa, maji ya zimamoto yapo, na dharura ikitokea mikono hiyo hujikata yenyewe na kujifunga pande zote mbili. Bandari iliyochimbwa hadi mita 13 inaweza kupokea meli ya gesi ya kati, inayozama kama mita 10, bila ugomvi mkubwa. Ile kubwa, yenye urefu wa mita 225 na zaidi na inayozama karibu mita 12, ni habari nyingine. Mita 13 kwenye karatasi inatosha, lakini meli haikai tu, inageuka. Inahitaji duara la kugeuzia, tagi (meli ndogo za kuvuta) za kutosha na njia ya kuingilia yenye kina hicho hicho. Bamvua, bahari ikijaa sana, hukupa maji ya ziada, maji mafu hayakupi kitu, na huwezi kuiambia meli ya kukodi ingoje mwezi uandame huku demareji, yaani faini ya kuichelewesha meli, inahesabiwa.

Boya ni hesabu tofauti. Meli husimama nje, hufungwa kwenye maboya kadhaa, kisha winchi yake huinua bomba la mpira lililolala chini ya bahari. Mabaharia hulivuta hadi sitahani, hulifunga boliti moja moja, na mzamiaji akiwa ameshalikagua chini. Hakuna kuchimba kina wala nguzo za zege, na kama kitu kitaharibika kinaharibikia mbali na nyumba za watu. Kwa bei ya kujenga, boya linashinda bila ubishi.

Linaposhindwa ni kwenye kazi ya kila siku. Meli nyingi za kati na kubwa huleta gesi ikiwa ya baridi, na bomba refu la chini ya bahari la kawaida halikuundwa kwa nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa hiyo meli hulazimika kuipasha gesi yake kwanza kwa maji ya bahari, ndani ya mtambo wenye mirija myembamba. Maji yakipita taratibu huganda ndani ya mirija na kuiziba, hivyo mhandisi hupunguza kasi ya gesi badala ya kuhatarisha mtambo. Bahari yetu ya vuguvugu inamsaidia kuliko ya Ulaya, lakini kasi bado hushuka. Tuseme tani 250 kwa saa: shehena ya tani 10,000 ni saa 40 za bahari tulivu mfululizo. Wakati wa matlai, upepo ukiwa mwanana, hizo zipo. Kusi likishika, Juni hadi Agosti, zitafute. Upashaji huo wa gesi utakuwepo hata gatini ikiwa matenki yako ni ya presha, ila gatini wimbi halikukatizi katikati.

Kuna jambo la Tanga hasa ambalo sijaona mshauri wa kigeni akilitanguliza. Pwani hii ilikuwa na sifa mbaya ya uvuvi wa baruti. Umepungua sana baada ya msako wa miaka ya karibuni, lakini bomba la gesi lililolala kwenye mwamba ambako watu waliwahi kurusha baruti linatakiwa lifukiwe, lisiachwe juu ya mchanga kwa kuwa ni nafuu. Na kufukia bomba kwenye matumbawe ni kuchimba matumbawe. Ile faida ya "boya halichimbi kitu" inapungua hapo.

Kwa wavuvi, tofauti ni ya mahali zaidi kuliko ukubwa. Gati hufunga eneo la bandari ambalo tayari lina meli nyingi. Boya hufunga duara la bahari mahali ambapo huenda watu walikuwa wanavua, na duara hilo halifungwi siku meli ipo tu, maana nanga, minyororo na bomba viko pale mwaka mzima na nyavu hunasa. Fidia ya gati hulipwa mara moja na watu huisahau. Fidia ya boya inatakiwa iandikwe kama ya kudumu, na ni nadra kuandikwa hivyo.

Meli-ghala, yaani meli kuukuu ya gesi inayotia nanga ghubani na kuwa tenki linaloelea, huletwa kama njia ya haraka. Ni kweli ni ya haraka. Ifae kwa miaka miwili mitatu wakati matenki ya nchi kavu yanajengwa, na mkataba wake uwe na tarehe ya kuondoka. Zaidi ya hapo unalipia kodi ya meli kila siku kwa kitu ambacho hakitakuwa chako.

Barabarani

Lori moja la gesi hubeba tani 20 hivi. Meli ya tani 10,000 ni safari 500 za malori, kutoka ghalani hadi njia panda ya Segera na kuendelea. Bahari ikifanya kazi yake vizuri kabisa, mwananchi wa kawaida wa Tanga hataiona ile meli, ataona malori. Ulizeni yatalala wapi yakisubiri zamu. Usiku wa 1 Februari 2024 mlipuko wa Embakasi, Nairobi, uliua watu na kujeruhi mamia, na haukuwa na uhusiano wowote na gati. Ulitokea kwenye kituo cha kujazia gesi katikati ya makazi, ambacho mamlaka ya nishati ya Kenya ilisema ilikuwa imekataa kukipa kibali mara kadhaa mwaka uliotangulia. Ghala kubwa lenye viwango vyote huzaa vituo vidogo vidogo kando ya njia yake. Hapo reli ya Tanga–Arusha iliyofufuliwa ingefaa kuingizwa kwenye mradi tangu siku ya kwanza, pamoja na mabehewa yake ya tenki.

La nani?

Kenya ni somo zuri hapa. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya gesi yake iliingia kupitia ghala moja la binafsi la Mombasa, na waagizaji wengine walilipia mlango wa mwenzao. Gati jipya la Kipevu lililozinduliwa mwaka 2022, lenye sehemu nne za kufungia meli na mabomba yanayopita chini ya bahari, liliwekewa pia njia ya gesi na liko chini ya mamlaka ya bandari. Lakini gati la umma bila tenki la umma ni nusu ya kazi: meli inashusha kwenye gati la wote, gesi inaingia ghala la mmoja. Kwa hiyo unapolinganisha zabuni, usilinganishe gharama ya ujenzi tu. Angalia kama mkataba unamlazimisha mwenye tenki kupokea gesi ya washindani wake, na kwa ada gani iliyotangazwa hadharani. Bei kikomo ambazo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza kila mwezi ni za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Mnunuzi wa mtungi anategemea ushindani, na ushindani huanzia kwenye bomba la kushushia.

Ningechagua nini

Kama soko ni Tanga, Kilimanjaro, Arusha na Manyara, jibu langu ni matenki ya kufukiwa ya tani 10,000 au pungufu, nyuma ya bandari na mbali na makazi, na meli za kati kwenye gati lililopo au la jirani yake linalotumiwa pamoja na mafuta. Boya ningeliacha, si kwa sababu ni baya, bali kwa sababu Kusi litaligeuza ghala kuwa la miezi tisa.

Kama mradi unasema utalisha pia Rwanda, Burundi, Uganda na mashariki ya Kongo, basi hesabu inabadilika, na tenki la baridi linaanza kujilipia. Ila wathibitishe soko hilo kwa mikataba iliyosainiwa, si kwa ramani yenye mishale, kwa sababu Mombasa na Dar es Salaam zinawania wateja hao hao. Na tenki hilo lisiwe ndani ya ghuba ya mji. Lipelekwe kwenye kina cha asili, na gharama ya umeme wa akiba ihesabiwe ndani ya ada tangu mwanzo.

Katika hali zote mbili, ripoti ya tathmini ya mazingira inayopelekwa NEMC, baraza la taifa la mazingira, iwe na ramani ya duara za hatari. Duara la kwanza lionyeshe mvuke utafika wapi bomba kubwa likikatika upepo ukitoka baharini, la pili joto la moto litafika wapi, na juu yake zichorwe shule, zahanati, masoko na mitaro ya maji ya mvua kama ilivyo leo. Ikiwa ramani imechorwa kwa upepo wa Kaskazi peke yake, warudishiwe wachore na ya Kusi.